Siku Madamu Alipotembelewa

Mwanangu wa pili alikuwa na desturi ya kunishtaki kwangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nikiwa na filimbi shingoni, mimi ni Madamu, kama walimu wa kike wanavyoitwa huku Kampala. Nikiipuliza kwa mara ya mwisho kabla ya chakula cha mchana na kuitundika kwenye msumari ulio karibu na friji, mimi ni Mama. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe tulipoanza kusomea nyumbani, maana watoto walikuwa wakiniomba maji, chapati na kupakatwa katikati ya hesabu, na mimi sina subira ya namna hiyo. Kwa Madamu hakuna chapati. Ukitaka chapati, msubiri Mama.

Basi yule mvulana, aliyekuwa na miaka sita wakati huo, akigombezwa na Madamu kwa kuchora magari kwenye daftari la hesabu, aligeuza ukurasa tu. Alingoja filimbi ipande msumarini. Kisha alitoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba kupitia kwenye tangi la maji, akabisha hodi mlango wa mbele na kuingia na uso wa mtu aliyeleta habari mbaya.

"Mama," alisema, "leo Madamu alikuwa mkali sana."

Nilimuuliza yeye alifanya nini. Hakufanya chochote, alisema, alikuwa amekaa tu. Nikamwahidi kwamba nitazungumza na huyo Madamu. Kesho yake mchana alirudi kwa njia ile ile kuniuliza kama nilizungumza naye na alisemaje.

Tulikuwa tunakaa Luzira, kwenye kiwanja chenye nyumba kadhaa za kupanga zinazotazamana. Mimi ni mtoto wa kambini, baba yangu alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, na mume wangu ni polisi, kwa hiyo Kiswahili ndicho lugha ya sebuleni kwetu, ingawa sokoni tunaongea Kiganda kama watu wengine. Kazi ya mume wangu ina tabu moja: anahamishwa kama kiti cha plastiki. Binti yetu mkubwa alikuwa anazoea shule, anapata rafiki, halafu tunafunga virago. Shule yake ya mwisho ilikuwa Ntinda, na kwa sababu ya msongamano wa magari, gari la shule lilimchukua kabla hakujapambazuka. Mtoto alikunywa uji amefumba macho. Kisha shule zikafungwa nchi nzima kwa muda mrefu wakati wa korona, naye akalala mpaka akashiba usingizi, na tukagundua kwamba kumbe anapenda kusoma. Shule zilipofunguliwa, hatukumrudisha. Mume wangu alikubali kwa sharti moja, kwamba nyumba iwe na utaratibu, na kesho yake akaniletea filimbi yake ya zamani ya kazini.

Nami nilikuwa na kitu kimoja changu peke yangu, nacho ni netiboli ya Jumamosi alasiri. Uwanja wetu ulikuwa Bugolobi, chini kidogo ya fleti za pale, udongo mwekundu uliopigwa mistari kwa majivu. Tulikuwa mchanganyiko: wake wa polisi na wanajeshi, muuguzi, wauza nguo, na kapteni wetu, mama Mkongomani kutoka Bukavu ambaye ni fundi cherehani na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi ni mrefu. Shangazi zangu walikuwa wakiulizana ni mwanamume gani atakayekubali kuoa mtu wa kumtazama kwa kuinua kichwa. Ila pale kwenye nguzo ya goli, urefu wangu ulikuwa na kazi. Nilivaa kizibao cha mfungaji, na kwa muda ule wote hakuna aliyeniuliza swali linaloanza na Mama wala na Madamu. Nilipenda mambo hayo kuliko ninavyoweza kueleza. Nilirudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikawa mwema kwa wiki nzima.

Jumamosi zikaanza kunitoka kidogo kidogo. Moja tulifidia hesabu za sehemu ambazo binti alikuwa amezikataa katikati ya wiki. Nyingine mume wangu alikuwa zamu na sikuwa na mtu wa kumwachia watoto. Nyingine nilikaa tu kitandani nimeshika viatu vya michezo mkononi, nikawa sina hata nguvu za kufunga kamba, na kapteni alipogonga mlango nikamwambia wiki ijayo. Hakuna aliyenikataza kwenda. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana sikuwa na mtu wa kumkasirikia, na mimi nikikasirika napenda awepo mtu.

Siku moja nikianika nguo, kapteni akanijia na futi yake ya kupimia ikiwa shingoni. Alisema wanawake wa Ntinda wamekubali tucheze nao. Walikuwa wametufunga mara ya mwisho, halafu wakaizungumzia mechi ile mji mzima. Kulikuwa na msichana mpya katika timu, mrefu, mwenye miguu mipya. Nisipokuja siku ya Ntinda, kizibao ni chake, moja kwa moja.

"Mama mwalimu, kizibao iko yako," aliniambia. "Lakini mupira haingojaka mutu."

Nikasema nitakuja, na nilimaanisha.

Wiki hiyo hiyo, jioni moja, tulikuwa tunakula ugali wetu, posho tunavyouita hapa, na maharage. Binti akasema apewe chumvi. Nikamwambia anyooshe mkono kwanza. Mvulana akanitazama shingoni kwa muda, akaweka kijiko chini.

"Madamu," akauliza kwa adabu zote, "Mama atarudi saa ngapi?"

Filimbi ilikuwa bado shingoni. Nilikuwa nimeshinda nayo tangu asubuhi, nimepika nayo, nimefua nayo. Kwanza nilicheka. Kisha nikakasirika, sijui kwa nani, nikaingia bafuni, nikafungulia bomba wasinisikie, nikalia. Nililia kwa sababu mtoto hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za basi lililochelewa. Nilipotoka niliitundika filimbi msumarini mbele yao nikasema Mama amerudi. Alinikagua kidogo, kisha akaomba aongezwe maharage.

Mambo yangeishia hapo kama si binti wa kapteni. Yeye yuko shule ya bweni, huko njia ya Jinja, na ilipofika siku yao ya kutembelewa, mama yake aliwachukua na wanangu kwa kuwa gari la kukodi lilikuwa na nafasi. Nani hapa Uganda asiyeijua siku hiyo? Wazazi wanamiminika na vikapu. Kuku mzima, soda, na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi. Watoto wanakula juu ya mikeka mpaka wanashindwa kusimama, halafu kengele inalia, wageni wanafukuzwa, na kila mama anafika getini anafuta macho. Wanangu walirudi wamepumbaa. Hawakuwa wamewahi kuona mtu akipendwa hadharani kiasi kile kwa sababu tu ya kwenda shule.

Binti yangu ni mtoto wa baba yake, hapeleki jambo ovyo ovyo. Alisimama mbele yangu wakati wa masomo, akanyoosha mkono, akaeleza kwamba kila shule ina siku ya kutembelewa, sisi hatuna, kwa hiyo hii si shule. Nikasema haya, tutafanya. Wakachagua wenyewe Jumamosi ambayo baba yao hatakuwa kazini mchana, wakaenda kuitangaza kiwanja kizima. Waliporudi ndipo nilipokumbuka kwamba ndiyo Jumamosi ya Ntinda.

Nilijaribu kuisogeza mbele. Mvulana hakulia wala hakubisha, alisema tu "sawa, Madamu", akarudi kwenye magari yake, na mimi nikashindwa. Nilikwenda kwa kapteni nikamwambia sitacheza. Hakuacha kukanyaga cherehani. Alisema sawa. Afadhali angenifokea. Nilirudi jikoni nikasugua masufuria kwa hasira mpaka moja likang'oka mkono.

Siku ikafika. Nilikuwa na kuku wangu amekwisha kuchomwa, amefunikwa kwa jani la ndizi. Mkeka ulitandikwa chini ya kamba ya nguo. Mume wangu alirudi kutoka zamu, bado na sare, akitamani chai na kitanda, akakuta binti yake amesimama getini na mwiko.

"Afande, inua mikono," akamwambia.

Akainua. Mtoto akampitisha mwiko kifuani, kiunoni, miguuni, kama wanavyotukagua kwenye milango ya maduka makubwa. Mwiko ukalia "tiiit" kwa mdomo wa binti ulipofika mfukoni.

"Hapana ingia na simu. Sheria ya shule."

"Lakini hii simu yangu ya kazi, mtoto."

"Hata wazazi ingine wanasema hivyo."

Akaitoa. Mtu anayepekua magari ya watu barabarani alisimama kwenye jua mikono juu, na majirani wakishangilia kutoka milangoni, kisha akaruhusiwa kuingia kwake.

Nikampokea kwenye mkeka, filimbi shingoni, nikampa taarifa ya wanafunzi. Nilimwambia binti ana kichwa chepesi na kalamu nzito, na kwamba mvulana hesabu anaziweza vizuri ila anaishi ndani ya magari. Nilidhani atacheka. Aliweka kofia gotini akasikiliza, akauliza maswali ya kweli: mnafundishaje kusoma, kitu gani kinakushinda, unapumzika saa ngapi. Zilikuwa zimepita siku nyingi bila mtu kuniuliza habari za kazi yangu kama kazi. Niliona raha ambayo sikuitegemea, nikazungumza mpaka kuku akaanza kupoa.

Lakini mvulana hakuja kukaa. Alikuwa ameshika nondo za geti, anatazama barabara. Nikamwita, kuku anakatwa. Hakugeuka.

"Namngoja Mama," akasema. "Kule bweni kila mtoto mama yake alikuja."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikaitazama filimbi.

"Nenda mlete," akaniambia polepole.

Nikaenda ndani, nikaitundika. Nikavaa gomesi yangu ya harusi za watu, lile gauni refu lenye mabega yaliyochongoka, nikafunga mshipi wake mpana vizuri, kwa maana mama anayekwenda kumtembelea mtoto shuleni haendi na kanga ya jikoni. Nikajaza kabalagala kwenye kikapu. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikapita kwenye tangi la maji, njia ile ile ya mashtaka, nikapenya uchochoro wa nyuma na kutokea barabarani. Nilikuwa najichekea. Nilijua ni maigizo.

Aliniona nilipokata kona. Akafungua geti mwenyewe akakimbia, akanigonga tumboni kwa kichwa, akashika mshipi wa gomesi kwa mikono miwili na kuficha uso ndani yake. Nilisubiri aniachie, hakuniachia. Maigizo yakaishia hapo barabarani. Mtoto alikuwa amenikosa, ndani ya nyumba ambamo nashinda naye kutwa. Na mimi, nilipokuwa nimeshika kichwa kile chenye joto la jua, nilijua kwamba nilikuwa nimemkosa yeye pia, na kwamba nilikuwa nimechoka kupita nilivyokuwa nakiri kwa mtu yeyote.

Tulikwenda mkekani tumeshikana mikono. Njiani alinipa habari za shule. Chakula ni kizuri. Kelele za filimbi ni nyingi. Dada yake anajifanya mkubwa wa darasa. Madamu si mtu mbaya, akaongeza kwa sauti ya chini, anachoka tu. Tulipokaa, akanipa kipande cha kuku kama mwenyeji, akatafakari kidogo.

"Mama," akauliza, "na Madamu anatembelewa na nani?"

Binti yangu alikuwa anachuna uzi kwenye mkeka.

"Leo ni siku ya Ntinda," akasema bila kuinua macho. "Nilisikia kwa ukuta."

Mume wangu akauliza Ntinda gani. Sikuwa nimemwambia. Nikamwambia sasa: mechi, kizibao, yule msichana mwenye miguu mipya, na kwamba nilikuwa nimechagua vizuri na sijutii. Sauti ikanikatika hapo kwenye sijutii. Akauliza wanaanza saa ngapi. Nikasema wameshaanza.

Akasimama, akavaa kofia, akamfunika kuku kwa jani lake.

"Kunja mkeka," akamwambia binti. "Hii shule imepata transfa."

Tulipanda bodaboda mbili. Yeye na binti na mkeka mbele, mimi na mvulana nyuma, nimekaa upande kwa sababu ya gomesi, kuku mapajani, mabega ya gauni yakipigwa na upepo mpaka dereva akaniuliza kama nakwenda kuoza binti. Nikamwambia nakwenda netiboli. Hakuuliza tena.

Tulifika Bugolobi wamepumzika kabla ya robo ya mwisho. Ntinda walikuwa mbele. Kapteni alikuwa ameinama, mikono magotini, jasho linamtiririka. Aliniona na gomesi yangu pembeni ya mstari. Hakunisalimu. Alikwenda kwenye mfuko wake akatoa sketi na kizibao cha pili chenye herufi za mfungaji, kimepigwa pasi.

"Fungula hiyo nguo," akasema.

Wenzangu wakanizunguka na vitenge, nikabadilisha. Nikawa nimesimama pale na sketi ya timu na kandambili za kwenda kutembelea watu. Ndipo binti yangu alipokunjua mkeka, na ndani yake vikaanguka viatu vyangu vya michezo.

Yule msichana mrefu alinipisha bila kinyongo, kwa kweli alikuwa amechoka. Mpira wangu wa kwanza haukugusa hata chuma. Wanawake wa Ntinda wakacheka, na mmoja akauliza kwa sauti kama huyu bibi ametoka kanisani. Asante yake, maana nilikasirika, na safari hii alikuwepo mtu. Wa pili uliingia. Wa tatu uliingia. Mikono ilikumbuka yenyewe, na pembeni nilisikia mwanangu akiwaeleza watu asiowajua kwamba huyo ni Madamu.

Tulishindwa. Si kwa wingi, lakini tulishindwa, na ningekuwa mwongo kusema haikuniuma. Nilitoka uwanjani nahema, nikakuta familia yangu imetandika mkeka kwenye majani, soda zimenunuliwa, timu yangu imekaribishwa. Mume wangu akamkata kuku. Nyumbani kwetu firigisi ni yake, kama ilivyokuwa ya baba yake, na hakuna aliyewahi kuigombania. Aliichukua kwa vidole viwili akaniwekea kiganjani.

"Leo tumekuja kuona wewe," akasema.

Niliila polepole, natazama pembeni, kwa sababu kapteni alikuwa ananitazama na sikutaka anione.

Kisha nikaanza kukusanya mifupa na chupa, kama kawaida yangu, tuwahi nyumbani. Filimbi ikalia. Nikageuka. Mvulana alikuwa ameing'oa msumarini nyumbani na kuja nayo mfukoni, na sasa alikuwa amesimama wima kama mlinzi wa shule.

"Wageni waondoke," akatangaza.

Dada yake akakunja mkeka. Baba yao akachukua kikapu, akachukua na gomesi yangu, akaitupa begani juu ya sare ya serikali. Mvulana akanikumbatia kama alivyowaona wale wazazi wa bwenini, akanipigapiga mgongoni, akaniambia nisome kwa bidii na nimtii kapteni. Akanipa mfuko wenye kabalagala zilizobaki, nizifiche, wenzangu wasinimalizie.

"Sisi tunarudi nyumbani," akasema. "Wewe unabaki shule."

Nikabaki. Nilisimama kwenye mstari wa majivu nawapungia mkono mpaka bodaboda zikaingia barabara ya kwenda Luzira, mabega ya gomesi yakionekana mpaka mwisho. Sikuwa na mtu wa kumlisha mpaka nitakapoamua kurudi. Nilikuwa karibu kuwakimbilia.

Nyuma yangu kapteni alipigisha mpira chini, akaniambia mkono wa kushoto umelala, turudie. Nikaweka mfuko wangu wa kabalagala pembeni ya nguzo, nikainama, nikafunga vizuri kamba za viatu.